Fishi ya Mama Watachoka

Kartye Lumumba, mtaa wetu wa Bunia, hakuna mlango ambao yaya Régine, dada yangu mkubwa, hajaugonga. Pasipo na mlango aligonga bati, na pasipo na bati alikohoa. Yeye ni reko, mmoja wa wale wanaotumwa na kituo cha afya kupita nyumba kwa nyumba, bila mshahara, kwa tisheti moja kila wakubwa wanapokumbuka. Wengine wanafundisha juu ya chandarua, wengine juu ya choo. Régine alipewa mambo ya kupanga uzazi, akaipokea kazi hiyo kama padri anavyopokea parokia.

Jina lake la nyumbani ni Afoyocan, na kwa Kialur ni kusema "nashukuru shida". Kwetu Mahagi jina la mtu linaweza kuwa hotuba nzima. Mwaka aliozaliwa yeye, ng'ombe wetu wawili walikufa. Mimi nilipozaliwa ng'ombe walikuwa wamerudi, baba hakuwa tena na la kulalamika, akaniita Claude.

Nyumbani kwake kuna karto la biskuti, na ndani yake zimepangwa fishi, zile karata ngumu, moja kwa kila mwanamke: jina, umri, watoto, kazi, na tarehe za randevu ya sindano, ile ya kila miezi mitatu. Kituo kina regista yake kubwa, lakini Régine anaandika zake mwenyewe, kwa bik ya buluu, na kuzipanga kwa alfabeti. Mwanamke akikosa randevu ya Jumatatu, Jumanne asubuhi atamkuta Régine ameketi uani kwake, anamsaidia kuchambua maharagwe, haulizi kitu. Anachambua tu. Maharagwe yakiisha, mwanamke mwenyewe anainuka na kutafuta kitambaa chake cha kichwa. Watu wa Lumumba wanasema heri kukosa misa kuliko kukosa randevu ya Régine, maana misa haikufuati mpaka chooni.

Kwa miaka tisa, hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Kuku alikuwa nao pia, sitini wa mayai, nyuma ya nyumba. Na mbwa.

Mbwa kwetu hapewi jina la bure. Mtu akiwa na neno juu ya jirani yake, na haya inamzuia kulisema, anatafuta mtoto wa mbwa na kumpa lile neno liwe jina. Jioni anasimama uani na kuita mbwa wake kwa sauti kubwa. Hajatukana mtu. Hata mkuu wa kartye hawezi kumhukumu. Régine alimwita mbwa wake Watachoka, yaani wanaonisema, siku moja watachoka wenyewe. Neno hilo lilikuwa na anwani. Lilipitia juu ya ua wa matete na kutua kwa jirani yake Glodie, mama wa watoto wanne aliyekimbia vita ya Djugu, anayekaanga mandazi, mwenye ulimi ambao Mungu aliunoa mara mbili. Kuku wa Régine walikuwa wameingia katika unga wake, naye akasema alichosema.

Glodie hakujibu kwa mdomo. Alikaa mwezi mmoja, akaenda sokoni, akarudi na mbwa dume, akamwita Hatutachoka.

Basi kila jioni mlisikia upande huu, "Watachoka, kuja kula," na upande ule, "Hatutachoka, weye unakulaka wakati wote." Mimi kibanda changu cha kunyoa nywele kiko ng'ambo ya njia. Nilikuwa ninafunga mapema makusudi nisikose.

Shida ni kwamba mbwa wenyewe hawakuwa na ugomvi. Mara mbili kwa mwaka, Watachoka alipokuwa katika siku zake, madume walifika kama watu wanaokwenda kwenye matanga, wengine wakitoka hata Mudzipela, na Hatutachoka akiwa mbele kama mwenye mji. Matumbo mawili yalitoa watoto kumi na wanne. Mara ya tatu walipovamia waliangusha ua, wakaingia kwa kuku, na kuku kumi na mmoja wakafa, wengine kwa meno, wengine kwa hofu tu.

Nilimkuta yaya ameketi katikati ya manyoya, ananyonyoa kuku wa tano.

"Claude," akasema, "siye wanamuke tunapangaka uzazi. Huyu anakosa nini?"

Ningeweza kumjibu vizuri. Lakini mimi ni mtu ambaye misimu miwili nilishika miguu ya mbuzi kule Aveba wakati wa chanjo, na katika ukoo wetu hiyo inatosha kuitwa mjuzi wa sindano. Nikasema, "Hakosi kitu, yaya. Anakosa tu mutu wa kumuchoma."

Akaenda farmasi. Muuzaji akamuuliza ile sindano ni ya nani.

"Ya mumoja iko kwangu. Amezaa katorze."

Muuzaji akatikisa kichwa. "Pole yake. Bwana yake anakubali?"

"Mabwana," akasema Régine, "ni avenue nzima."

Akarudi nyumbani, na kabla hajanipa kichupa alichukua karata mpya. Kwake hakuna anayechomwa bila fishi. Akaandika: *Jina: Watachoka. Umri: mitatu. Watoto: katorze. Kazi: sentineli. Bwana: hajulikani.* Kisha tarehe. Mimi nikachoma, dawa yote ya mwanamke mzima ndani ya mbwa mwenye uzito wa mtoto wa deuxième primaire, darasa la pili. Habari ya uzito hatukuiuliza, na mbuzi wa Aveba hawakuwa wamenifundisha. Watachoka aliniangalia kwa huruma, akaniuma kidogo, tukamaliza.

Na ilifanya kazi, msidhani. Siku zake zilipotakiwa kufika hazikufika. Hatutachoka alikuja kwenye ua, akanusa, akakaa, akanusa tena, akarudi kwao kama mtu aliyekuta ofisi imefungwa. Karibu miaka mitatu, kila baada ya miezi mitatu, Régine alinijia na kichupa na fishi, na Watachoka hakukosa randevu hata moja.

Mwaka wa kwanza hatukuona kitu, ila alikula. Mwaka wa pili nilimkatia mkanda wa shingo kutoka mpira wa ndani wa pikipiki. Baada ya Pasaka ukabana, nikakata mwingine. Kabla ya Noeli ukabana tena. Ajabu ni kwamba hakurefuka hata kidole. Alipanuka. Kichwa kikawa cha ndama. Taya ya chini ikatoka nje kama droo isiyofungika, na meno yakaachana mpaka harage lingepita katikati bila kugusa ukuta. Ulimi ulikosa nafasi ndani, ukahamia nje. Nyayo zikawa sahani. Ngozi ya shingo ikajikunja mikunjo, kama mtoto aliyevaa koti la kaka yake. Na kukoroma. Alikoroma saa sita mchana akiwa macho. Siku moja mtu aliingia uani na simu mkononi, anauliza kama jenereta ni yetu na kama tunachaji.

Nywele hazinyolewi kimya, nanyi mnajua. Wateja waliniuliza, nikawajibu kwamba bibi yake Watachoka alitoka pande za Epulu, na kwamba kule mtoni alikutana usiku na kitu ambacho wataalamu wa msitu bado hawajakipa jina. Wengine walirudi kunyolewa mara mbili kwa juma moja, na kichwani hamna kitu. Régine yeye alikuwa na jibu fupi zaidi. "Ni mayai," alisema, maana mbwa alikuwa anakula yaliyopasuka. Wamama wenye watoto wembamba wakaanza kuomba trei ya yale ambayo mbwa anakula, na yaya akatembea kwa shingo ndefu. Mbwa mwenye kichwa kile, halafu akiitwa jioni, jina lenyewe lilionekana kuwa kweli.

Lakini kiangazi cha mwaka wa tatu Watachoka alianza kunywa maji. Beseni asubuhi, beseni mchana, na mnajua bido, lile dumu la maji, linatoka wapi na linabebwa na shingo ya nani. Aliyokunywa yalipita ndani na kutoka upande wa pili, yakachimba njia chini ya ua.

"Yaya Régine," Glodie akasema kutoka ng'ambo, "mbwa yako iko inanipelekea mto. Nipande muchele?"

Régine hakujibu. Hilo ndilo lililonistua. Nikavuka njia nikamkuta ameketi chini karibu na mbwa, mkono juu ya mbavu. Kutoka mlangoni mpaka jikoni kwake ni hatua kumi na tano. Watachoka alikuwa amekaa katikati kupumzika, pumzi inapiga filimbi, ulimi umegeuka rangi ya bilinganya.

"Leo alijaribu kuwakimbiza kuku waliotoka," akasema. "Alikwenda hatua tatu, akaniangalia. Claude, aliniangalia kama vile mimi ndiye ninajua."

Juma hilo lilikuwa na siku tano, na zote zilikuwa mbaya.

Jumatatu Gentille aliita mareko walete makarto yao yakaguliwe. Gentille ni mkuu mpya wa kituo, mtoto wa Kisangani, mwenye mikono myepesi na sauti ya mwalimu. Kule kwao mbwa anaitwa Bobi na mambo yanaishia hapo. Alipitia fishi za Régine moja moja, akasifu mwandiko, akafika mwisho, kwenye herufi ya W, na akasimama.

"Mama Régine, huyu mama Watachoka."

"Ndiyo," akasema Régine. Alikuwa amezoea kupanga kila fishi mahali pake, akasahau kwamba hii si ya kuonyeshwa.

"Watoto kumi na wanne."

"Ndiyo."

"Na karibu miaka mitatu hajakosa randevu."

"Hajakosa."

"Na bwana hayuko. Anafanya sentineli, kazi ya ulinzi, naye ni mwanamke."

"Anafanyaka muzuri," akasema Régine. Angalieni, mpaka hapo hakuwa amesema uongo hata mmoja.

Gentille akatoa kitambaa, akafuta macho. Kina mama wanapungua kwenye mafundisho, akasema, kila mtu ana sababu. Ijumaa saa nane tunaketi na wote. Mlete huyo mama.

"Atawaambia nini?"

"Hata asiposema neno, mama. Wamuone tu."

Jumanne nilimleta Prudent. Ni munganga wa wanyama, kijana, kichwa chake ninakinyoa mimi, na kabla ya kurudi Bunia alifanya kazi Epulu kwenye okapi. Alisimama mlangoni akamwangalia Watachoka muda mrefu bila kuweka chini mfuko wake. Kisha akapiga goti, akafungua mdomo wa mbwa kwa mikono miwili.

"Okapi anajilambaka sikio kwa ulimi," akasema, "lakini ulimi yake iko na nyumba ya kulala." Akapima meno kwa kidole, akavuta ngozi ya shingo, akasikiliza kifua. Akatoboa sikio, tone la damu akaliweka kwenye kamashini kadogo. Akasoma namba, akasoma tena. "Sukari iko juu sana. Mama, huyu mbwa munamupatia dawa gani?"

"Mayai," akasema Régine.

"Nimeuliza dawa."

"Hakuna."

Mimi niliangalia mabati ya paa. Yana misumari mingi.

Prudent akakaa kwenye kiti cha mbao, akaeleza taratibu. Kuna maji fulani ya mwili, akasema, yanaitwa ormoni, na moja yao kazi yake ni kukuza. Mtoto anaihitaji. Mkubwa akiipata nyingi, mifupa mirefu imekwisha kujifunga, haiwezi kurefuka tena, basi inaongeza pale panapobaki nafasi: taya, kichwa, nyayo, ulimi, ngozi ya koo. Na ormoni hiyo inagombana na kazi ya sukari, ndiyo maana anakunywa na kukojoa. "Kwa mbwa jike mara nyingi ni namna mbili. Ao ni mwili yake mwenyewe, kisha siku zake kupita. Ao ni mutu anamuchoma sindano ya kuzuia kuzaa. Ile dawa inaamsha matiti ya mbwa, na matiti ndiyo inatengeneza ormoni ya kukuza. Iko wazi kabisa katika vitabu."

"Na inaponaka?" Régine akauliza, sauti ndogo.

"Kama ni sindano, inakatwa leo, si kesho. Tena ninapasua, ninatoa kizazi na mayai yake ya tumbo, ili mwili usimurudishie ile kitu. Nyama italegea, pumzi itafunguka, sukari inaweza kushuka. Mifupa itabakia. Lakini mama, nikimulalisha kwa dawa ya usingizi na sijui ndani yake kuna nini, naweza kumuua kwa mikono yangu. Na akichomwa tena moja, hataona Noeli. Ijumaa jioni ninarudi. Munifikirie vizuri."

Tukamsindikiza. Na tuliporudi tuliona kwamba ua wa matete ulikuwa na macho mawili. Glodie alikuwa na kijiko cha mandazi mkononi, mafuta yanadondoka, hasogei. Hakutania. Alishika taya yake kwa mkono mwingine, polepole, upande wa kushoto, kisha wa kulia.

Maana Glodie pia alikuwa na fishi. Iko kwenye G.

Jumatano, kwenye bomba la maji, wanawake walikuwa wanapimana taya. Wengine walitumia vidole, mmoja alileta kamba. Neno lilikuwa limekwisha kutembea kuliko Régine mwenyewe: sindano inakuza mdomo, kwanza unaanza kukoroma, kisha kiu, kisha unafika pale alipofika mbwa wa Régine. Waume ambao bibi zao walikuwa wanakoroma tangu siku ya ndoa walianza kuwaangalia kwa jicho lingine. Kufika Alhamisi jioni, wanawake tisa walikuwa wamekosa randevu. Tisa. Régine alikaa na karto magotini, anatoa fishi, anazirudisha. Hakwenda kuchambua maharagwe ya mtu.

Hapo ndipo nilimpa shauri la akili, maana akili sikosi. "Yaya, kataa. Sema mbwa hajachomwa hata siku moja, ni mayai, ni ukoo wa Epulu, mimi niko shahidi. Wanamuke watatulia. Kesho tunamuvika bibi yangu wa ndoa kitambaa, anakaa mbele ya Gentille, anakuwa mama Watachoka. Hasemi kitu. Yeye bila kusema anaonekana ni mama wa katorze."

"Bibi yako amesikia hii shauri?"

"Bado."

"Muambie nikiwa hapa nione." Akatoa fishi ya mwisho, akaiweka chini ya taa ya jua tuliyoichaji mchana. Randevu ya kumi na mbili ilikuwa kesho, Ijumaa. Kichupa kilikuwa tayari juu ya kabati. "Nikikataa, wale tisa wanarudi," akasema. "Na Prudent anapasua bila kujua, ao hapasui. Nikikubali, mbwa anapona, na wale tisa wanakuwa makumi tisa, na watoto ambao mama zao hawako tayari wanakuja, na mimi ndiye niliwaita." Watachoka alikoroma chini ya meza. "Miaka tisa ninawaambia wanamuke, kama kuna kitu, musinifiche. Miaka tisa, Claude."

Nikasema alale kwanza, asubuhi ataamua. Akasema nitoke.

Ijumaa saa nane mabenchi ya kituo yalijaa kuliko siku zote. Hawakuja kwa mafundisho. Walikuja kuona. Glodie aliketi benchi la mbele, mikono imekunjwa, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu kama mtu mwenye jino. Mimi nilisimama karibu na mlango, mahali ambapo mwanaume mwenye busara anasimama.

Gentille akasimama, akasema leo tuna mgeni, mama shujaa, mfano kwetu sote. "Mama Régine, mama Watachoka amefika?"

"Amefika," akasema Régine kutoka nje, na akaingia na kamba mkononi.

Watachoka alipanda kile kipandio kimoja kama mtu anayepanda mlima, akafika mbele, akajiachia chini, ulimi ukatua kwenye sementi upande wake. Akakoroma.

"Ndiye huyu," akasema Régine. "Watoto katorze. Kazi sentineli. Hajakosa randevu."

Wanawake sitini wakanyoosha shingo kumwona. Kisha mmoja nyuma akacheka kwa pua, na nyumba ikaanguka kwa kicheko. Gentille peke yake hakucheka. Alikuwa na karatasi mkononi, na baadaye tulijua kwamba mama Watachoka alikwisha kuingia katika ripoti ya mwezi, ukurasa wa kwanza, na ripoti ilikwisha kuondoka.

Kicheko kilipopungua wanawake watatu walianza kukusanya vitenge vyao waondoke. Régine akainua mkono.

"Mimi ndiye nilimuchoma," akasema. "Mimi na Claude, yule pale anayetaka kutoka." Nikaacha kutaka kutoka. "Sindano ni ileile, ya farmasi, ya mutu muzima. Sikuuliza munganga wa nyama, nilijiambia kwamba kinachonifaa mimi kinamufaa yeye. Mbwa si mutu. Dokta Prudent amesema, kwa mbwa ile dawa inaamsha matiti, na matiti inatoa ormoni ya kukuza. Kwa mwanamuke haifanyi vile. Nilimufanyia ubaya mbwa yangu, si ninyi."

"Ni kweli," akasema Gentille, na ilimgharimu kusema. "Sindano ina mambo yake, nimewaambia: damu kubadilika, wengine kuongeza kilo. Mwenye shida aje tubadilishe njia. Lakini taya, hapana."

"Ninyi mnasemaka tu," Glodie akasema. Akasimama. "Yaya Régine, weye mwenyewe ulichomwaka?"

"Miaka nane. Mpaka bwana yangu alipokufa."

"Fungua mudomo."

Wengine wakaguna, huyo ni mama mkubwa. Lakini Régine alifungua. Glodie akamkaribia, akainama, akaangalia meno ya chini, meno ya juu, akashika kidevu na kukigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kama mtu anayenunua mbuzi na hamwamini muuzaji. Tulisikia mbwa anakoroma. Tulisikia pikipiki zinapita.

"Hapa iko nafasi," Glodie akasema. "Jino moja haiko."

"Ile ni Claude," akasema Régine, mdomo bado wazi. "Na jiwe. Tulikuwa tunachunga ng'ombe."

Wanawake sitini wakageuka kuniangalia. Nilikuwa na miaka saba, na nililenga ndege, lakini si mahali pa kueleza.

Glodie akaachia kidevu. Akafungua kitambaa chake, akakifunga upya kichwani kama kawaida. "Taya ni ya mutu," akawatangazia wenzake. Halafu, kwa sauti ya chini lakini tulisikia wote, "Randevu yangu ilikuwa jana. Munachoma leo ao munafunga?"

Wale watatu wakakaa. Katika wale tisa, saba walichomwa siku hiyo hiyo. Mmoja alibadilisha njia. Mmoja hakurudi, na Régine anamfikiria mpaka leo.

Gentille alinyoosha mkono akaomba karto. Hakupiga kelele. "Miezi mitatu, mama Régine. Upumzike." Ndiyo adhabu pekee ya kituo iliyopimwa kwa kipimo cha sindano. Régine alimkabidhi karto kwa mikono miwili, lakini kwanza alitoa fishi ya mwisho, akaomba bik, na kwenye mstari wa tarehe ya siku ile akaandika kwa mkono wake neno ambalo sikuwahi kuliona katika fishi zake: *Amekosa.*

Prudent alipofika jioni hakuhitaji kuuliza. Alikuta kile kichupa kimekaa juu ya meza pamoja na fishi, tarehe zote zimepangwa. Akasoma mpaka mwisho, akasema hajawahi kuona hata mgonjwa wa binadamu mwenye dosie nzuri hivi. Kesho yake Régine akairudisha fishi hiyo kituoni, kwenye karto lake. Alisubiri juma mbili, mpaka aliporidhika na sukari na pumzi, akampasua asubuhi moja kwenye meza ya Régine iliyosuguliwa kwa maji ya moto. Mimi nilishika miguu. Safari hii ndiyo kazi pekee niliyoruhusiwa.

Hakuwa kama zamani, nisiwadanganye. Kichwa kimebaki cha ndama na harage bado linapita kati ya meno. Lakini mikunjo ya shingo ilijinyoosha mwezi kwa mwezi, mkanda wa mpira ukaanza kucheza, beseni la mchana likabaki limejaa. Siku moja nilikuwa ninanyoa mtu nikahisi kitu kimepungua Lumumba, na sikukijua mpaka mteja aliponiuliza kama jenereta ya jirani imeharibika.

Wakati karto lilikuwa kituoni, Régine hakuwa na fishi, na wanawake hawakuwa na mtu wa kuwachambulia maharagwe. Basi walikuja wao. Walileta maharagwe yao kwake. Glodie alipitia tundu la ua, lile la mbwa, kwa sababu njia kubwa inazunguka.

Miezi mitatu ilipotimia, Gentille alileta karto mwenyewe, kwa miguu, akavua viatu mlangoni. Régine akahesabu. Zote zilikuwepo, kwa alfabeti, isipokuwa moja.

"Ile nimeibakisha," akasema Gentille. Alikuwa anamwangalia Watachoka, naye Watachoka anamwangalia, taya nje. "Nimeibandika ndani ya kabati ya ofisi. Nikichoka ninaisoma. Katika kituo kizima, mama, ni yeye tu hakukosa randevu hata moja."

"Alikosa moja," akasema Régine.

Akainuka kwenda kutafuta mayai ya kumpa mgeni. Watachoka naye akainuka, akamfuata mpaka jikoni, hatua zote kumi na tano, bila kukaa.